Kifurushi kimoja kisinunuliwe mara kumi na nne

Jumatatu moja asubuhi mwanafunzi wangu, binti wa Chiungutwa asiyependa kuuliza maswali, aliuliza moja lililolichekesha darasa zima: "Mwalimu, kilichoisha ni kifurushi au vifurushi?"

Wenzake walicheka, lakini swali lilikuwa na akili kuliko walivyodhani. Kiswahili chetu kimelipa neno moja kazi mbili. Kuna kifurushi unachonunua kwenye simu, giga zako kumi za wiki, na kuna kifurushi cha programu, yale mafaili ambayo kompyuta inayashusha ili kuongeza kitu kipya au kuziba tundu la zamani. Asubuhi ile vifurushi vya aina ya pili vilikuwa vimekila cha aina ya kwanza chote, na saa nne haijagonga.

Nina chumba kimoja cha kupanga mjini Masasi, nyuma ya safu ya maduka. Ukisimama mlangoni unauona mlima Mkomaindo. Ndani kuna kompyuta kumi na nne zilizotumika, zilizokuja kutoka Kariakoo zikiwa na stika za ofisi za Ulaya. Zote zinatumia Linux. Sikulichagua hilo kwa ushabiki. Mashine hizi zilikuwa nzee mno kwa Windows 11, na ilijulikana mapema kwamba Windows 10 ingeachwa kupewa masasisho ya kawaida ya bure ifikapo Oktoba 14, 2025. Nikaona heri nihame kabla sijafukuzwa.

Jumatatu ile nilikuwa nimewaambia vijana wasasishe mashine zao kabla ya kipindi. Kila mmoja akaandika amri yake, akabonyeza, akasubiri. Kila kompyuta ilihitaji mega 640. Zidisha kwa kumi na nne: mega 8,960. Bando la giga kumi lilikuwa limenunuliwa usiku wa kuamkia siku hiyo, na baadhi ya vijana walikuwa wameshapitia YouTube kidogo, maana vijana ni vijana. Mtandao ukaanza kuzunguka tu, kisha ukakata.

Kilichoniuma ni kwamba mafaili yalikuwa yale yale, herufi kwa herufi. Programu ya kuandikia barua iliyoshushwa kwenye kompyuta ya dirishani ndiyo hiyo hiyo iliyoshushwa kwenye ile ya mlangoni, hatua nne kutoka pale, zikiwa zimeunganishwa na waya mmoja. Mzigo ulioshafika Masasi tuliurudia Ulaya mara kumi na tatu zaidi, na kila safari tukalipa nauli.

Mimi ni mzaliwa wa Newala, na mtu wa Newala akiona kitu cha namna hiyo anapata aibu ya peke yake. Uwanda wa Makonde hauna mito. Ardhi ni kichanga, mvua ikinyesha inazama, na chemchemi ziko chini mabondeni. Mjerumani Karl Weule, aliyekaa Newala mwaka 1906, aliliandika hilo tatizo la maji, na bibi zetu walilijua bila kusoma kitabu chake. Walishuka bonde na kupanda na mtungi kichwani. Miaka ya 1950 ulianza mradi wa kusukuma maji kwa mashine kutoka bondeni, na baadaye Wafini wakaja kusaidia maji ya Mtwara na Lindi. Pamoja na yote hayo, watu hawakuacha kuchimba visima vya nyumbani: shimo limesakafiwa kwa saruji, bati la nyumba limefungwa mfereji, na mvua ya masika ikipiga, maji yanaingia shimoni na kukaa. Marehemu mama yangu alikuwa akifunga kifuniko cha kisima kile kwa kufuli. Jirani akija anapewa ndoo yake, lakini ufunguo unabaki kwenye fundo la khanga.

Basi mtoto wa mama huyo ndiye aliyekuwa akiwatuma watu kumi na nne bondeni, kila mmoja na mtungi wake, kuchota maji ya chai ya birika moja.

Dawa ipo, na si ngeni. Kompyuta ya Linux ya ukoo wa Debian na Ubuntu, ukitumia amri ya apt-get, haitupi mara moja kifurushi ilichokishusha. Inakitunza kwenye folda yake ya akiba. Kwa hiyo wazo la kwanza linalomjia mtu yeyote ni hili: folda hiyo iwe moja kwa mashine zote, iwekwe kwenye kompyuta moja, wengine waifungue kupitia waya. Ndivyo nilivyofanya. Ilifanya kazi siku tatu.

Siku ya nne vijana wawili walianza kusasisha kwa wakati mmoja. Folda ile ina kufuli yake: anayeingia anafunga, mwingine anakataliwa. Darasa zima likageuka foleni ya kisima, mmoja anachota, wengine kumi na watatu wamekaa juu ya ndoo. Hilo ningelivumilia. Lakini wiki iliyofuata kijana mmoja mtiifu alifuata sawasawa maelekezo niliyoyaandika ubaoni kwa mkono wangu mwenyewe: mwisho wa kipindi, safisha akiba ya mashine yako uokoe nafasi kwenye diski. Akaandika amri ya kusafisha. Mashine yake haikuwa na akiba yake peke yake. Ilikuwa na ya wote. Giga zote tulizozikusanya kwa siku kumi zilifutika kabla hajainua kidole kwenye kitufe. Alinitazama kwa fahari, akasema, "Mwalimu, imekuwa nyeupe kabisa." Nikamwambia vizuri. Ningemwambia nini? Kosa lilikuwa langu, la kumpa kila mpita njia ufunguo wa kisima.

Njia iliyonifaa ni nyingine. Kuna programu ndogo ya bure iitwayo apt-cacher-ng. Unaisakinisha kwenye kompyuta moja, na zile nyingine unaziambia kwa mstari mmoja tu kwamba zikitaka kifurushi ziombe kwa huyu kwanza. Asipokuwa nacho, yeye ndiye anayekwenda kukileta, anampa mwombaji, na anabaki na nakala. Anayekuja wa pili anapewa ile nakala. Wanafunzi hawaigusi folda. Wanaomba dirishani kama pale duka la dawa. Mashine niliyoipa kazi hiyo ndiyo mbovu kuliko zote chumbani, ina RAM ya giga mbili na kioo chake kimepasuka. Nilichoiongezea ni diski ya giga 500. Kompyuta ya kwanza kuomba masasisho ilisubiri dakika arobaini na kitu, kwa kasi yetu ya Masasi. Ya pili ilisubiri kama dakika moja. Vijana walidhani imekosea.

Wenye Windows nao wasijione wametengwa. Tangu Windows 10 ya mwaka 2015 kuna mpangilio ndani yake unaoruhusu kompyuta za mtandao mmoja kugawana masasisho. Nimeingia kwenye ofisi kadhaa nikaukuta umezimwa, na hakuna anayekumbuka nani aliuzima.

Nilipoanza kulisema jambo hili kwa walimu wenzangu na mafundi wa hapa, jibu nililopewa mara nyingi ni subira. Mkongo wa Taifa unasambaa, minara inaongezeka, intaneti itakuwa ya kumwaga, hayo ya kubana matumizi ni ya kizamani. Nawaheshimu, ila hapo sikubaliani nao. Wenye intaneti ya kumwaga ndio wanaoongoza kwa kuweka akiba. Chuo Kikuu cha Kent, Uingereza, kwa miaka mingi kilihifadhi nakala za programu huria ili watu wachukue jirani badala ya kufuata mbali. Video ya goli la Simba au Yanga unayoiangalia YouTube ukiwa Masasi mara nyingi haitoki Marekani; Google huweka mitambo yake ya akiba ndani ya mitandao ya watoa huduma, karibu na watazamaji. Mwenye pesa hakubali kusafirisha mzigo mmoja mara mia, ila sisi tunaona huo ndio usasa.

Halafu kuna Mei 2024. Watu wa kusini hatujaisahau. Mei 4 kimbunga Hidaya kilifika pwani, mvua ikapiga Kilwa, na barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika maeneo ya Somanga. Malori ya bidhaa yakalala njiani. Hata hatujamaliza kulalamika, Jumapili ya Mei 12 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zikakatika upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Ndani ya siku nane tukapoteza barabara na intaneti. Mtu angesema tumerogwa.

Jumanne ya wiki hiyo diski ya kompyuta moja darasani ilikufa. Nikaweka nyingine, nikaingiza Linux kwa flashi, kisha nikaiambia ile mashine ya kioo kilichopasuka isihangaike kutafuta nje, itoe ilichonacho. Ikatoa. Programu ya kuandikia, ya mahesabu, ya kuchora, na masasisho yote hadi ya wiki iliyopita. Kabla ya adhuhuri kompyuta ilikuwa tayari, na mwanafunzi aliyekuwa akiitumia aliendelea na kazi yake ya kuandaa daftari la mauzo ya korosho la baba yake. Mtaani watu walikuwa wamenyanyua simu juu wakitafuta WhatsApp.

Swali ambalo wazee wa bodi moja ya shule waliniuliza, nami naliheshimu, ni la usalama. Kama kompyuta zote zinachukua programu kwa jirani na siyo kwa mwenyewe, jirani akitia sumu? Niliwajibu kwa kuwaonyesha, na tangu siku hiyo nimelifanya somo la kudumu. Nachukua kifurushi kimoja kwenye akiba, nakifungua, nabadilisha herufi moja tu kati ya maelfu, nakirudisha. Kisha namwambia mwanafunzi akisakinishe. Mashine inakishusha, inakipima, inakikataa: kipimo hakilingani na kilichoandikwa kwenye orodha. Na ile orodha yenyewe imetiwa saini ya kidijiti na watengenezaji wa Debian au Ubuntu, ambayo mimi siwezi kuighushi hata nikikesha. Kwa hiyo jirani hahitaji kuaminiwa. Anabeba tu. Mkulima wa korosho anaielewa hoja hii upesi kuliko wasomi: mpagazi wa ghala la chama si yeye anayeamua kilo, ni mizani.

Yapo na mabaya, nisiwe mfanyabiashara wa dawa ya meno. Hifadhi za programu zinazotumia njia iliyofichwa kwa usimbaji haziwekeki akiba kirahisi, kwa sababu mashine ya katikati haioni kinachopita. Na liko lililoniaibisha Newala kwenyewe. Kila Alhamisi napanda huko kufundisha kwenye chumba cha kanisa moja. Siku ya kwanza nilibeba kompyuta mpakato mbili za darasani. Nikawasha mbele ya wanafunzi na wazazi, nikajigamba kidogo, nikaagiza programu. Kimya. Ikasema hakuna anayejibu. Nikahangaika robo saa nzima, jasho likinitoka na ubaridi wote ule wa Newala, ndipo nikakumbuka: zile mashine nilizielekeza ziombe kwa kompyuta yenye kioo kilichopasuka, na kompyuta hiyo ilikuwa Masasi, imezimwa. Nilikuwa nimezifundisha zisijue njia nyingine. Mzee mmoja aliyekaa nyuma akasema kwa sauti ya chini, ila si ya chini sana, "Mwalimu kasahau ufunguo."

Sasa Newala wana akiba yao wenyewe, na inajazwa kwa Noah. Sitanii. Nakala ya giga sitini, kwa kasi ya megabiti mbili kwa sekunde tuliyo nayo siku nzuri, ingechukua karibu siku tatu, mchana na usiku, umeme usikatike. Diski ikiwa mfukoni mwangu, natoka Masasi asubuhi na kabla ya adhuhuri giga zote sitini ziko juu ya uwanda. Dereva ananitoza nauli ya mtu mmoja.

Wahenga walisema akiba haiozi. Ya kompyuta inaoza. Kifurushi cha mwaka juzi chenye tundu la usalama ni sawa na maji ya kisima kilichoachwa wazi; kipo, lakini usinywe. Ndiyo maana kisima cha namna hii kinataka mwenyewe, mtu mwenye jina, wa kufuta vya zamani na kuleta vipya walau mara moja kwa wiki. Mashine bila mtu itajaa uchafu, diski itafika ukingoni, na watu watasema hiki kitu hakifanyi kazi.

Hapo ndipo ninapotaka kufika. Nimeona orodha za manunuzi za vyumba vya kompyuta vya taasisi mbalimbali za umma huku kusini, kwa sababu mafundi tunaitwa kutoa bei. Zina kompyuta ishirini, UPS, printa, meza, viti, kiyoyozi, hata mapazia. Sijawahi kukuta mstari unaosema: kompyuta moja ya akiba ya programu, na jina la atakayeitunza. Mapazia yapo. Matokeo yake chumba kinazinduliwa kwa ngoma, mgeni rasmi anakata utepe, na baada ya mwaka mashine hazijasasishwa hata mara moja kwa sababu kila moja ingetaka bando lake na bajeti ya bando haikuwepo. Virusi vinahama kutoka flashi hadi flashi kama funza. Mwalimu anafunga mlango, anaweka ufunguo kwenye droo.

Gharama ya kulizuia hilo ni diski moja na mashine ambayo tayari mnaifikiria kuitupa. Halmashauri yoyote ya Mtwara au Lindi inaweza kuandika mstari huo kwenye zabuni ijayo bila kusubiri mwongozo kutoka Dodoma. Chuo cha ufundi chenye vyumba vitatu vya kompyuta hakihitaji visima vitatu vya akiba. Kimoja kinatosha kwa wote. Hospitali hali kadhalika. Na shule za sekondari zilizo karibu karibu zinaweza kupokezana diski moja, wiki hii hapa, wiki ijayo kule, kama tulivyopokezana kitabu kimoja cha fizikia na hatukufa.

Mimi nitaanza kwa upande wangu. Mwenye darasa la kompyuta Masasi, Nanyumbu, Newala au Tandahimba, la serikali, la dini au la kwako mwenyewe, njoo na diski tupu, nitakujazia nilichonacho na kukuonyesha ule mstari mmoja wa kuandika. Silipishi. Usije Alhamisi tu, maana siku hiyo niko Newala.